Kidole kidogo cha mkono unaocharaza: kukiegemeza, kukiacha hewani au kukipa kazi?

Kwenye gitaa langu la kwanza, chini kidogo ya uzi wa kwanza, kuna doa. Si mkwaruzo wala alama ya kugongwa. Ni sehemu ndogo, upana wa ncha ya kidole, ambapo vanishi imepoteza mng'ao na mbao inaonekana imechoka. Doa hilo ni kazi ya kidole changu kidogo cha mkono wa kulia. Kila nilipokaa kupiga, chenyewe kilishuka kikatua pale, na pale kikabaki mpaka nimalize. Hakuna aliyenifundisha. Kilijitafutia mahali, kama mtu aliyesimama muda mrefu anavyojikuta ameegemea ukuta.

Sikuwa na ugomvi nacho hadi siku nilipoanza kujifunza kipande ambacho kidole cha pete kinapiga uzi wa kwanza kila mara. Polepole nilipita. Nikiongeza kasi, kidole cha pete kinachelewa, kinagugumia, kisha mkono mzima unakaza hadi kwenye kiwiko. Nilikilaumu kidole cha pete kwa miezi. Mwenye kosa alikuwa jirani yake.

Wapigaji wa gitaa kwa vidole wana makambi matatu kuhusu kidole hiki. Wako wanaokiegemeza kwenye uso wa gitaa, wako wanaokiacha kielee hewani kando ya kidole cha pete, na wako wachache wanaokitumikisha kama wenzake wanne. Nimekaa kambi zote tatu kwa nyakati tofauti. Ninachokiona ni kwamba swali la "ipi ni sahihi" halina jibu mpaka kwanza useme unapiga nini, na hasa kidole chako cha pete kina kazi gani.

Tukubaliane herufi kwanza. Maandishi ya gitaa hutumia herufi zilizotoka kwenye Kihispania: p ni dole gumba, i ni kidole cha shahada, m ni cha kati, a ni cha pete. Kidole kidogo hakikupewa herufi moja iliyokubalika na wote. Utakuta c, utakuta e, utakuta x. Hata jina lake halijatulia. Mimi nitaandika c. Uzi wa kwanza ni ule mwembamba ulio chini kabisa, wa sita ni ule mnene wa juu. Anayepiga kwa mkono wa kushoto ageuze mikono, mengine ni yale yale.

Jaribio la dakika moja, bila gitaa

Weka mkono wa kulia mezani, kiganja kikitazama chini, vidole vimejikunja kidogo kana kwamba umefunika mpira mdogo. Bonyeza meza kwa ncha ya kidole kidogo, kwa nguvu. Huku ukiendelea kubonyeza, kunja na kunjua kidole cha pete harakaharaka kama kinachodonoa uzi. Sasa legeza kidole kidogo kabisa, urudie.

Tofauti unayoisikia ndiyo mzizi wa mjadala wote huu. Kano za kunyooshea vidole, zile zinazopita mgongoni mwa kiganja, zimefungamana kwa vipande vya tishu, na kidole cha pete ndicho kilichofungwa zaidi na majirani zake. Upande wa kukunja nako si bora sana: msuli mmoja mrefu ulioko kwenye kigasha hupeleka kano kwa vidole vinne, na sehemu zinazohudumia cha kati, cha pete na kidogo hazijatengana sana. Ya kidole cha shahada ndiyo yenye uhuru zaidi. Kwa hiyo ukikikaza c, umekishika a mkono bila kukusudia. Ukigusa tu bila kugandamiza, kifungo hulegea kwa kiasi kikubwa. Kumbuka tofauti hiyo ya kugusa na kugandamiza; nitairudia.

Jambo lingine la kuweka akilini: kidole kidogo kina msuli wake binafsi wa kunyooka. Ni dhaifu katika kuvuta uzi kuelekea kiganjani, lakini kufyatuka kuelekea nje kinaweza vizuri.

Kukiegemeza

Wanaosema kuegemeza ni kosa la wanaoanza hawajaangalia nyuma. Wapigaji wa luti, ala ya nyuzi ya zamani inayofanana na gitaa, barani Ulaya walikuwa wakitua kidole kidogo kwenye ubao wa ala, na michoro mingi ya zama hizo inaonyesha mkono umekaa hivyo. Mwingereza Thomas Mace, akiandika mwaka 1676, aliagiza hivyo hivyo. Fernando Sor, Mhispania aliyezaliwa 1778 na ambaye muziki wake bado unapigwa kwenye mitihani, alieleza kwamba mara nyingine hukisimamisha kidole kidogo kwenye ubao chini ya uzi wa kwanza, ila hukiinua mara tu kinapokuwa hakihitajiki tena. Sentensi hiyo ya pili ndiyo watu huiruka.

Katika gitaa la nyuzi za chuma, mtindo huu umezaa mabingwa. Merle Travis wa Marekani, ambaye mtindo wake wa besi inayobadilishana umepewa jina lake, alipiga zaidi kwa dole gumba na kidole cha shahada, vidole vingine vikiwa vimetulia kwenye uso wa gitaa. Kwenye banjo ya vidole vitatu, kuegemeza kidole kidogo, mara nyingi pamoja na cha pete, ni jambo la kawaida kabisa wala halina anayelibishia.

Faida yake ni ramani. Mkono ulioegemea unajua uzi wa kwanza uko umbali gani na wa tano uko wapi, bila kutazama. Dole gumba likiwa linaruka kutoka uzi wa tano kwenda wa nne na kurudi kwa mpigo usiobadilika, huku kidole cha shahada kikiokota sauti za juu, egemeo hilo linafanya mkono utulie kama mguu wa kigoda. Anayeanza atapata mdundo safi mapema zaidi akiegemeza kuliko akielea. Hilo nalisema bila kusita, hata kama walimu wengi wa gitaa la klasiki watanuna.

Sasa hasara, na si zote zina uzito mmoja.

Kubwa ni ile ya kidole cha pete. Angalia wanaoegemeza wakapiga vizuri: wengi wao hawakitumii a, au wanakitumia kwa nadra. Si bahati. Wamelipa gharama hiyo wakijua au bila kujua, na mtindo wao hauihitaji. Mwenda Jean Bosco wa Kongo alifuma nyimbo nzima, besi na sauti ya juu, kwa dole gumba na kidole cha shahada tu. Ukisikiliza hutasema kimekosekana kitu. Kwa mpigaji wa vidole viwili, swali la kidole kidogo halina makali.

Ya pili ni rangi ya sauti. Uzi ukidonolewa karibu na daraja, yaani kile kipande kilichobandikwa kwenye uso wa gitaa ambapo nyuzi zimefungwa, hutoa sauti kali, nyembamba, yenye chuma ndani. Ukidonolewa karibu na shingo hutoa sauti nene na laini. Mkono unaoelea husafiri kati ya sehemu hizo mbili ndani ya mstari mmoja wa muziki. Mkono ulioegemea unabaki kijiji kimoja. Unaweza kuuinua na kuuhamisha, lakini wengi hawafanyi, na nyimbo zao zote zinatoka na rangi moja.

Ya tatu watu huikuza kupita kiasi: kwamba kidole kinazima mtikisiko wa ubao. Ni kweli kwamba uso wa gitaa ni mbao nyembamba, ya milimita 2 hadi 3 hivi, na ndio unaotoa sauti. Kidole kinachogandamiza karibu na daraja kinanyonya sehemu ya mtikisiko huo. Lakini kidole kinachogusa tu, tena pembeni ya tundu la sauti katikati ya ubao, kinachukua kidogo sana. Nisingeacha kuegemeza kwa sababu hiyo peke yake. Doa la vanishi nalo linatibika: kibamba chembamba cha plastiki kinachobandikwa chini ya tundu kinatosha, na magitaa mengi ya nyuzi za chuma huja nacho kiwandani.

Kukiacha hewani

Hii ndiyo njia ya gitaa la klasiki la leo. Kidole kidogo hakigusi kitu. Kinakaa karibu na cha pete, kimejikunja kiasi, na cha pete kikienda nacho kinakwenda, kikirudi kinarudi. Kinakuwa kama mtoto aliyeshika nguo ya mama sokoni: hakiongozi, wala hakikokotwi.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanasikia "usiegemeze", wanakiinua kidole kidogo na kukinyoosha mbali, kimesimama kama antena. Hilo si kuelea. Kidole kilichonyooka namna hiyo kimekazwa, na kano zile zile za mgongoni mwa kiganja zinamvuta a kuelekea juu wakati yeye anataka kushuka. Umeondoa kamba moja ukafunga nyingine. Mimi nilipita hapo kwa wiki kadhaa nikidhani nimeshahama kambi. Kilichoniumbua ni kioo. Nilikiweka mezani mbele yangu, nikapiga p-i-m-a kwa nyuzi tupu, bila mkono wa kushoto kubonyeza kitu, na nikaona c kinaruka juu kila a alipopiga, kama kinashtuka. Kwa macho ya kawaida, ukiangalia mkono kutoka juu, huoni hivyo.

Gharama ya kuelea ni kupoteza ramani. Siku za mwanzo unadonoa uzi wa pili ukikusudia wa kwanza, na unajisikia umerudishwa darasa la kwanza. Dawa si kuvumilia tu, ni kuhamisha egemeo. Kigasha kinakaa kwenye ukingo wa gitaa, hilo ni egemeo la kwanza. La pili ni nyuzi zenyewe: kabla ya kupiga kodi (nisieleweke vibaya, nazungumzia sauti kadhaa kwa pamoja, si ile inayokatwa kwenye mshahara), vidole vinatua kwanza kwenye nyuzi vitakazopiga, kisha vinazidonoa. Dole gumba nalo likitulia kwenye uzi wa sita wakati i, m na a vinafanya kazi, mkono haupotei. Ukizoea hivyo, hutaikumbuka mbao.

Ukilinganisha na kuegemeza, kuelea kunachelewa kulipa, lakini kukianza kulipa hakuna kazi ya a inayokushinda kwa sababu ya mkao: arpejio (sauti za kodi zikipigwa moja moja kwa kufuatana) za vidole vinne, tremolo (sauti moja ikirudiwa harakaharaka) ya p-a-m-i, sauti ya juu inayoimbwa na kidole cha pete huku vingine vikisindikiza. Mkono unakuwa na njia wazi kutoka darajani hadi shingoni.

Kukipa kazi

Kambi ya tatu ndiyo ndogo na ndiyo yenye kelele nyingi. Hoja yao ni nyepesi kueleza: mpiga kinanda anatumia vidole vyote vitano, kwa nini mpiga gitaa aache kimoja? Mmarekani Charles Postlewate ameandika mazoezi mazima ya vidole vitano vya mkono wa kulia, na Štěpán Rak wa Ucheki amepiga kwa vidole vitano jukwaani kwa miaka mingi, kwa hiyo si nadharia ya mezani.

Lakini kwanza tuseme mahali ambapo hakuna ubishi. Wapigaji wa flamenko wamekitumia kidole kidogo siku zote katika ule mcharazo wa kufyatua vidole kimoja kimoja kuelekea nje: c, a, m, i, vikifuatana kama kipepeo cha karatasi kinachofunguka. Hapo c anaanza, na anafanya kile ambacho mwili umempa, yaani kufyatuka. Ukipenda mcharazo huo, huna la kuchagua. Kidole kidogo kinafanya kazi, basi.

Ubishi unaanza kwenye kudonoa. Ncha ya kidole kidogo kwa watu wengi inafika karibu na kiungo cha mwisho cha kidole cha pete. Kwenye gitaa la nyuzi za nailoni, kutoka uzi wa sita hadi wa kwanza penye daraja ni kama milimita 58, maana yake kati ya uzi na uzi hazifiki 12. Ili i, m, a na c vikae kwenye nyuzi nne zinazofuatana, inabidi kiganja kizungushwe kidogo kuelekea upande wa c, na vidole virefu vijikunje zaidi kukisubiri kifupi. Mzunguko huo unabadilisha namna kucha zote zinavyogusa uzi, kwa hiyo sauti ya i na m uliyoitafuta kwa muda mrefu inabadilika kwa ajili ya mgeni mmoja. Juu ya hapo, kucha ya kidole kidogo ni nyembamba na lazima uanze kuifuga na kuipiga tupa kama nyingine. Sauti yake mwanzoni ni nyembamba, na mara nyingi ni ndogo kuliko ya wenzake, jambo baya maana kawaida ndiyo inayopiga uzi wa kwanza, ambako wimbo wenyewe unakaa.

Unachopata kwa tabu hiyo ni hiki. Kodi ya sauti tano, zote kwa wakati mmoja. Arpejio ya p-i-m-a-c-a-m-i, ambayo ni mipigo minane inayokaa vizuri ndani ya vipimo vya mipigo minne, wakati p-i-m-a-m-i ni sita. Tremolo yenye mpigo mmoja wa ziada. Na zile sauti za kengele za kubuniwa, ambapo i anagusa uzi freti 12 (vile vijiti vya chuma vya shingoni) juu ya mkono wa kushoto huku kidole kingine cha mkono huo huo kikiudonoa: ukimpa c kazi ya kudonoa, nafasi kati yake na i inapanuka na mkono haujibani.

Je, inatosha? Kwa mtu anayepiga muziki ulioandikwa kwa p, i, m na a, na huo ndio sehemu kubwa sana ya muziki wa gitaa la klasiki, kwa maoni yangu haitoshi. Utatumia mwaka kukifundisha c kufanya kitu ambacho hakuna aliyekiomba. Kwa mtunzi, au mtu anayehamishia nyimbo za kinanda kwenye gitaa, hesabu inabadilika.

Kipande kimoja, mikono mitatu

Chukua kodi ya C kubwa ile ya kawaida kabisa ya mwanzo wa shingo. Uzi wa tano hadi wa kwanza zinalia, wa sita unaachwa.

Piga kwanza besi inayobadilishana: p kwenye uzi wa 5, kisha wa 4, kisha wa 5, kisha wa 4, sawasawa kama hatua za mtu anayetembea. Katikati ya hatua, i anadonoa uzi wa 2 na m anadonoa uzi wa 1. Hapa aliyeegemeza anashinda wazi. Mdundo wake umekaa, mkono umelala kimya, na anaweza kuongea huku anapiga. Anayeelea atafika, lakini kwa jasho. Wa vidole vitano hana cha kuongeza.

Kodi ile ile, sasa arpejio: p uzi wa 5, i uzi wa 3, m uzi wa 2, a uzi wa 1, m, i, na kurudi. Weka metronomu, kile kifaa cha kuhesabia mwendo, kwenye 60, mipigo sita kwa kila mlio. Wote wanapita. Panda kidogo kidogo. Kufikia mahali fulani, na mahali hapo hutofautiana kwa kila mtu, aliyegandamiza kidole kidogo ataanza kusikia mpigo wa nne unachelewa au unapasuka kwa nguvu isiyotakiwa. Huyo ni a anavunja kifungo. Anayeelea anaendelea.

Kodi ile ile mara ya tatu, sasa nyuzi zote tano kwa pamoja, pap, kama mtu aliyefunga mlango. Mwenye p-i-m-a ana vidole vinne kwa nyuzi tano. Lazima dole gumba lipitie uzi wa 5 na wa 4 kwa mkupuo, na sikio kali litasikia mtelezo mdogo kwenye besi. Mara nyingi mtelezo huo ni mtamu, ndiyo maana watu hawalalamiki. Lakini kama unataka sauti tano zianguke pamoja kama za kinanda, c peke yake ndiye anayekupa.

Ukishika piki

Nimeiweka peke yake kwa sababu hapa msimamo wangu unageuka. Wengi, hasa kwenye gitaa la umeme, hushika piki, kile kipande kidogo cha plastiki cha kupigia nyuzi, kati ya dole gumba na kidole cha shahada, na vidole vilivyobaki vinadonoa. Hesabu upya: piki inachukua p na i. Umebaki na m, a na c. Ukikiweka kidole kidogo likizo, una sauti tatu tu za kudonoa kwa pamoja: piki, m na a. Kodi ya nyuzi nne, ambayo ndiyo chakula cha kila siku cha mtindo huu, inakushinda au unaikokota kwa piki.

Kwa hiyo kwa mshika piki, c si anasa. Ndiye anayechukua nafasi aliyokuwa nayo a kwa mpigaji wa vidole. Piki uzi wa 4, m uzi wa 3, a uzi wa 2, c uzi wa 1. Tena mkao wenyewe unamsaidia: mtu akishika piki kiganja huwa tayari kimezunguka kiasi, na nyuzi za gitaa la umeme zimekaribiana kuliko za nailoni, hivyo ufupi wa kidole hausumbui sana. Kama unapiga hivi na bado unaegemeza kidole kidogo, hapo ningesema badilisha, na anza wiki hii.

Kuna kazi nyingine ya gitaa la umeme ambayo haihusiani na nyuzi. Kwenye gitaa kama Stratocaster, kitufe cha sauti kiko karibu na daraja, na kidole kidogo kinaweza kukizungusha huku vingine vinaendelea kupiga, sauti ikaja kutoka kimya na kuvimba kama ya fidla. Wenye tabia hiyo hawana haja ya kumfundisha c kudonoa; ameshaajiriwa kwingine.

Basi wewe uko wapi?

Kama unapiga besi inayobadilishana kwa dole gumba na kidole kimoja au viwili, na huna mpango wa kumwita a, egemeza kwa amani. Gusa, usigandamize. Kipimo ni hiki: mtu akivuta kipande cha karatasi kilicho chini ya kidole chako kidogo wakati unapiga, kitoke bila kuchanika wala mkono wako kuyumba. Kikigoma, unagandamiza.

Kama unajifunza gitaa la klasiki, au muziki wowote unaomdai a kila mstari, acha kielee, na uanze mapema kabla tabia haijaota mizizi. Anayebadilisha baada ya miaka, kama mimi, asijaribu kwenye nyimbo anazozijua. Mkono unakumbuka wimbo pamoja na mkao wake wa zamani, na utarudi kuegemea kabla hujamaliza mstari wa kwanza. Chukua nyuzi tupu, p-i-m-a, metronomu kwenye 50, kioo mbele, dakika tano kila siku kabla ya kitu kingine chochote. Kisha kipande kipya kabisa ambacho mkono haujawahi kukutana nacho. Nyimbo za zamani zirudi mwisho.

Unaweza pia kuwa na zote mbili. Sor alisema inua kisipohitajika, na ushauri huo haujachakaa: tua pale dole gumba linapofanya kazi peke yake, inua a anapoingia. Ni ustadi wa kati unaohitaji kidole kisicho na ubishi, lakini kwa anayepiga mitindo miwili tofauti jioni moja ndio unaofaa zaidi.

Na kama unataka kukipa kazi bila kushika piki, kianzishe kwenye kodi, si kwenye arpejio. Kwenye kodi vidole vyote vinasukumwa pamoja, mwendo ambao mkono unaufanya kila siku unaposhika kitu. Kwenye arpejio unakitenga na a ambaye amefungwa naye, na hapo ndipo panapochosha. Maumivu ya kigasha, au vidole vinavyoanza kujikunja vyenyewe bila amri yako, si dalili ya mazoezi mazuri. Simama, na yasipoisha kwa mapumziko muone daktari. Iko hali iitwayo distonia ambayo huwapata wanamuziki, na kulazimisha mkono wakati inaanza hakuisaidii.

Mimi leo, kwenye nyuzi za nailoni kinaelea. Kwenye gitaa la nyuzi za chuma, dole gumba likianza kutembea, nakikuta kimetua tena pale pale kwenye doa, na nakiacha. Kuna kodi moja tu ya sauti tano, mwishoni mwa kipande ninachokipenda, ambapo kinadonoa. Ilinichukua miezi mitatu mpaka sauti yake ilingane na za wenzake, na bado kila ninapoikaribia nakitazama.